Chafya ya Bagindo

Jumatano, 11 Machi
Kahawani kwa Rosmaniar. Mvua. Bagindo Sinaro kaja, kaagiza maji ya moto tu — majani ya chai katoa mfukoni, sukari katoa mfukoni! Alipoondoka nikasema: Bagindo akipiga chafya huirudisha puani, asije akatoa kitu bure.
Lo! Marjohan kamwaga kahawa. Marjohan huyu ni mvivu, hata kucheka hungoja wenzake waanze. Rosmaniar akaniambia, mzee wewe ukifa tutachimba makaburi mawili, moja lako, moja la mdomo. Msemo mtamu. Nitauiba.

Ijumaa, 13 Machi
Chafya imefika msikitini kabla yangu. Siri kwa Rosmaniar ni maji kwenye tenga. Watu wananipa mkono huku wanasugua pua. Hata imamu! Shule niliishia darasa la nne, lakini leo kijiji kizima kinanikariri.

Jumapili, 15 Machi
Balaa. Dada yangu Nurlis kaja na uso wa kufukuzia kuku. Binti yake Yusneti kapata mchumba. Afrizal, fundi redio. Kijana safi. Mpwa wa nani? Wa Bagindo Sinaro!
Na kwetu baba mtu hukaa pembeni akitafuna tambuu. Wasemaji ni wajomba. Yaani mimi na yeye. Uso kwa uso.
"Kaka, mkwe hataniwi. Mkwe huambiwa kwa kuzungukazunguka, kwa adabu. Utaweza?"
Nikasema naweza. Akacheka kama anayelia.
Kisha Yusneti mwenyewe: "Mjomba, nimemngoja Afrizal miaka yote aliyokuwa mjini Medan akitafuta maisha. Ukiniharibia, nitaolewa na Marjohan, nije kuishi kwako naye."
Mtoto ana sumu! Sijui kairithi wapi.

Jumatano, 18 Machi
Nafanya mazoezi ya kunyamaza. Kahawani siendi. Imamu kapita, kavaa kanzu kinyume. Nimenyamaza. Tumbo linauma.

Jumamosi, 21 Machi
Wamekuja kubadilishana amana za uchumba. Sisi tumetoa jambia la babu. Bagindo kaleta kitambaa cha nyuzi za dhahabu — kakikunja mpaka kimekuwa kama andazi, watu wasije wakakitazama bure. (Sijasema. Nimeandika tu.)
Chakula kimepangwa mkekani, lakini hakiguswi mpaka wajomba wamalize kusemezana. Bagindo kaanza, kwa adabu kweli: "Tumesikia nyumba hii ina ndege hodari wa kuimba pua za watu. Kabla hatujaiacha amana yetu, tungependa kujua. Ndege huyo angali anaimba? Maana sisi hatuozi kwenye kelele."
Nurlis kanikazia macho. Nikarekebisha kofia, nikajikohoza. Nilitaka kusema ndege kazeeka, sauti imemkauka. Haki ya Mungu ndivyo nilivyotaka kusema!
Mara huko jikoni mtu kamwaga pilipili kwenye mafuta ya moto. Moshi ukaingia. Bagindo kafumbua mdomo. Haa — haa — Kashika pua kwa vidole viwili. Macho yakamtoka. Kaimeza! Yote, kairudisha ndani!
Hakuna aliyecheka. Marjohan kainamia mkeka, mabega yanamtetemeka — na safari hii hakungoja mtu. Kisha wote, wao na wetu, wakanigeukia. Zamu yangu kujibu.
Ikaadhiniwa alasiri. Sijawahi kuipenda adhana namna hii.

Naandika chumba cha nyuma. Watu wanadhani natia udhu. Majibu ninayo mawili. La adabu limepoa kama wali wa jana. Hili la pili — yallah! — limenikaa kwenye ncha ya ulimi, la moto, halijapata kusemwa tangu kijiji kianze.
Yusneti kachungulia. "Mjomba, umechagua lipi?"
Lipi nini, nikamuuliza.
"Unatabasamu," akasema. Machozi yakamtoka.
Nimeacha kutabasamu. Nadhani nimeacha.
Wamesharudi mkekani. Nurlis ananiita, mara ya pili sasa. Nakwenda na la adabu, nalirudiarudia moyoni: ndege kazeeka, ndege kazeeka.
Na huko sebuleni, Bagindo tena — haa — haa —