Alizeti ya Ndege

Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Na baba mfikishie shikamoo yake. Mimi mzima, ila baridi ya huku Norwe haina adabu. Goti lako linaendeleaje? Kaka amepata kibarua, au tangu wapunguzwe kazi kiwandani bado anakaa tu? Na mpunga je, ndege wamewabakizia?

Nauliza ndege kwa sababu. Theluji ya kwanza ilipoanguka nilichungulia dirishani, nikaona ndege wamejaa kwenye kibao uani, wanakula alizeti. Nikasema loo, mali ya watu inaisha! Nikatoka na sufuria na mwiko, nikagonga, "Haa! Haa!", kama kwenye majaruba yetu ya mpunga. Wakatawanyika wote. Bibi mwenye nyumba akaja mbio na soksi tu. Kumbe amewawekea yeye! Ananunua dukani, mayu, kwa mfuko mzima. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka.

Sasa bibi ameteleza kwenye barafu, amevunjika nyonga, yuko hospitali. Aliniomba jambo moja tu: nisiwaache ndege hata siku moja. Wameshazoea kile kibao, na kandege kakilala na njaa kwenye baridi hii hakaamki. Kako kamoja kana tumbo la njano, mguu mmoja mbovu. Kila nikienda kumwona anauliza, "Kangu kamekuja?" Hana mtoto, mayu.

Basi kila asubuhi natoka na alizeti kwenye sufuria ileile, nagonga nayo kibao ili theluji idondoke, namwaga.

Juzi theluji ilianguka mfululizo mpaka mlango ukagoma kufunguka. Nilipofanikiwa kutoka, uani kimya. Nikamwaga alizeti, hakuna aliyekuja. Niliogopa kweli. Ningemwambia nini yule bibi? Nikashika mwiko, nikagonga sufuria kwa nguvu zangu zote, "Haa! Haa!", huku nalia.

Wakaja, mayu! Kumbe siku zote hizo walikuwa wanausikia mlio wa sufuria, wakajua chakula kipo. Wa mwisho kabisa kakaja kale ka mguu mbovu.

Nilikwenda hospitali na buti zimejaa theluji. Bibi alinishika mkono, hakuuachia mpaka wakanifukuza manesi.

Msalimie shangazi wa Mkuyuni, kaka na wifi, na wote wanaofukuza ndege mpungani mwaka huu. Ila baba usimwambie. Alinichapa kwa kuwaacha ndege wale mpunga; akisikia siku hizi nawaita mwenyewe kwa sufuria, ataniwekea fimbo.

Mwanao anayekukumbuka sana,
Kabula