Kofia ya Profesa

Dada yangu Akinyi,

Natumai mvua imewafikia huko nyumbani. Hapa Nairobi ni baridi tupu. Leo mimi, Wanjiru na Barasa, wanafunzi watatu wa marehemu Profesa ambao sasa tuna mvi, tulimtembelea mjane wake pale Kabiro. Tulimbebea dagaa wa omena kutoka Soko la Toi. Nikueleze sababu: omena ndizo Profesa alizotupikia tulipokuwa chuoni, huku akitusahihishia insha.

Tulipokwisha kula, Mama mwenyeji wetu akaleta ile kofia ya sufu ya Profesa. “Aliniachia maagizo nimpe mwanafunzi wake kipenzi.”

Akinyi, mikono mitatu ilinyooka kwa pamoja!

“Wee Odhiambo, toa mkono!” Wanjiru akanifokea. “Aliniambia ni mimi.”

“Ati wewe? Mimi aliniambia mbele ya mlango wa ofisi yake,” akasema Barasa.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. “Alijua mtagombana! Alimwambia kila mmoja wenu hivyo hivyo, ndipo mkasoma kwa bidii.” Kisha akaivaa mwenyewe, nasi tukampigia makofi.

Nimerudi mikono mitupu, na bado naamini kipenzi chake nilikuwa mimi. Wakumbatie watoto wote kwa niaba yangu.

Kaka yako,
Odhiambo