Haikuwa Uchawi wa Tantine Mbombo

Mama,

Tuko Kolwezi tena. Katika nyumba yetu ya mtaa wa Musonoi wanaishi watu wengine. Mimi na Kapinga, binti yangu niliyempa jina lako, tumepanga chumba karibu na soko.

Wenyeji walipotufukuza miaka ile, walituita bilulu, wadudu, eti Wakasai warudi kwao, na Baba alizaliwa hapa hapa. Stesheni tulilala chini ya maturubai tukingoja treni. Mashavu yako yalikuwa mekundu, pande zote mbili za pua, na vidole vimevimba hata nikawa nakufungia kitenge. "Jua ya hapa inanikatala, mutoto wangu," uliniambia, ukajaribu kucheka.

Ulipofariki pale stesheni, mjomba wako alisema umelogwa. Akamnyooshea kidole Tantine Mbombo, dada yake Baba, aliyekuwa akikuogesha.

"Mi siko mulozi!" alilia. "Ni muke ya kaka yangu!"

Treni ilipofika jamaa zetu wakamzuia kupanda. Nilimwona kupitia dirishani, amebaki peke yake kati ya watu waliotuchukia. Hatukusikia habari zake tena.

Mama, haikuwa uchawi. Kapinga naye amepata wekundu ule ule. Daktari wa Lubumbashi alituambia ni lupus. Ndani ya damu mna chembe za kinga zinazopigana na magonjwa. Zake zimegeuka, zinaushambulia mwili wake mwenyewe. Zilianza na ngozi na viungo, sasa zimefika kwenye figo. Alisema kuna tofauti ndogo ndogo za vinasaba tunazorithi kwa wazazi, na baadhi yake huifanya kinga iwe kali kupita kiasi. Si kila anayerithi huugua, ila hatari huwa kubwa zaidi.

Nikamuuliza, kairithi kwa nani? Akaniuliza kama mama yangu aliwahi kuwa na wekundu ule.

Mimi sijaumwa hata siku moja, Mama. Ilipitia kwangu kimya kimya, kutoka kwako hadi kwake.

Tangu juzi miguu ya Kapinga imevimba. Na jirani yetu, mama tunayesali naye, ameanza kuuliza kwa sauti ya chini ni nani anamloga msichana huyu. Nimemtajia ugonjwa. Alitikisa kichwa, akaenda kuwauliza wengine.

Kesho tunapanda gari la Lubumbashi. Nakuahidi, hakuna atakayeitwa mchawi na kufukuzwa tena kwa sababu ya damu yetu. Na nikirudi nitamtafuta Tantine, hata kama nitakuta kaburi tu.

Pumzika, Mama. Mimi bado nina kazi.

Mwanao,
Ngalula