Uzi wa kutoka Nairobi hadi London

Wusi, Jumamosi, 1956

Afadhali ningenyamaza. Jana Nyanya aliniuliza kaka yangu Mwakio yuko mbali kiasi gani. Nikanyoosha uzi juu ya atlasi ya shule, kutoka Nairobi hadi London, nikajigamba: "Zaidi ya maili elfu nne, Nyanya. Kwa ndege ni kama siku moja na nusu."

Akacheka pale kitandani. "Kumbe ni karibu kuliko Mombasa kwa miguu! Sitakufa kabla sijambariki kwa kumtemea pombe ya miwa. Yeye ndiye wa kwanza. Wewe kitindamimba ngoja zamu yako."

Barua ya Mwakio nilimsomea nusu tu. Nusu niliyomficha inasema hatarudi mpaka amalize masomo, miaka mitatu.

Leo Nyanya amekataa uji. Anasema atakula na Mwakio kesho.