Kipimo cha Ngumi

Murubona, Kasulu
9 Agosti 2025

Dada yangu Careen,

Mwakeye, dada, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na shemeji Philemon na watoto, na kwamba goti la Mama limepata nafuu. Mimi huku sijambo. Mafua ya vumbi la Kasulu ni yale yale, tumeshazoeana. Najua unashangaa kuandikiwa barua na mtu mwenye namba yako ya simu. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi inayotaka saini yako, na Bazilio wa Hiace ya Kibondo ameapa kukukabidhi mkononi, si kumwachia mtu dukani.

Dada, nina furaha mpaka herufi zinapandana. Unaikumbuka zahanati ya Kagerankanda, ile tuliyokwenda kwa gari la chuo kiangazi cha mwaka juzi, ulipokuja kuuza nyungo zako? Na nesi Mwanaamina, yule wa Tanga aliyekuomba umsukie ungo wa kupepetea mchele, ukamwambia kwanza ajifunze kula ugali wa muhogo? Wiki iliyopita alipata mama mjamzito aliyezidiwa. Akaita gari la wagonjwa kwa simu ya upepo, na sauti yake ikafika hospitali Kasulu safi kabisa, hata jogoo wa jirani walimsikia. Gari lilifika mapema. Mama yule amejifungua mtoto wa kiume na wote wawili wako nyumbani sasa. Mwanaamina amenipigia kuniambia kwamba zamani alikuwa anarudia kila neno mara nne, mpaka anasahau alichotaka kusema.

Ngoja nikueleze tena ule mtambo, maana siku ile ulikuwa unacheka zaidi ya kusikiliza. Kati ya hapa na zahanati kuna vilima, na mawimbi ya redio yanagonga kilima yanaishia hapo. Kujenga kituo kizima kule ni kazi kubwa. Kwa hiyo sisi tunaacha mashine zote Kasulu, halafu tunalibebesha wimbi la redio juu ya mwanga, kama mtoto anavyobebwa mgongoni, na mwanga unasafiri ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Ndio ule mkongo uliofukiwa kando ya barabara. Kule zahanati mtoto anashushwa mgongoni, anaingia kwenye antena, basi. Ubaya wake ni kwamba mwanga ukipungua nusu njiani, nguvu ya redio inabaki robo tu. Ukikosea kidogo kwenye uzi, sauti inaharibika sana.

Na kweli ilikuwa imeharibika. Mwezi mzima nilikuwa natafuta kosa. Nilipima mashine, nikabadilisha betri, nikamlaumu aliyechimba mtaro. Siku ile nikafungua kisanduku cha ukutani kukuonyesha huo uzi wa kioo, ukatazama mara moja tu, ukaniuliza hiyo ingata ya kichwani nimemtengenezea nani na mzigo uko wapi.

Nilikasirika, nakumbuka. Uzi uliobaki nilikuwa nimeuzungusha kwa mkono wangu mwenyewe, nikaubana vizuri na kuufunga katikati, kwa sababu Mama alitufundisha kwamba kamba ikiachwa imelegea ni aibu ya nyumba nzima. Wewe ukasema hata chane ya mwanzi ina mahali inapokataa kukunjwa, seuze kioo. Ukasema ingekuwa wewe, ungeuzungusha uzi huo mpaka ngumi ipite katikati bila kugusa. Ukaikunja ngumi yako, ukaiweka pale. Nikafungua, nikazungusha upya juu ya ngumi yako, nikifanya kama nakuridhisha tu. Sauti ikarudi palepale. Kumbe mwanga ulikuwa unavujia kwenye mkunjo wangu. Ukaahidi hutamwambia Mama, na wewe ahadi yako umeitunza.

Sasa habari yenyewe. Nilipima ile ngumi, sentimita tisa, nikafanya majaribio miezi mitano, nikaandika makala. Nikaeleza jinsi fundi wa kijijini asiye na kifaa chochote anavyoweza kujua kama uzi umebanwa mno. Ikachapishwa kwenye jarida la nje. Hadi leo watu arobaini na mmoja wameitaja katika makala zao, kuanzia Peru mpaka Nepali, watu wenye vilima kama sisi. Na sisi walimu wa vyuo, dada, tunahesabiwa kwa kutajwa. Ukiwa na makala tatu, na kila moja imetajwa angalau mara tatu, namba yako ni tatu. Ukiwa na makala kumi ambazo hakuna aliyezitaja, namba yako ni sifuri na kelele zako ni za bure. Bwana Majaliwa, mkuu wangu wa idara, alikaa na sifuri miaka sita, ndiyo maana ni mpole.

Mwezi uliopita wahandisi fulani wa India wakaandika kwamba wanatumia kipimo hicho, na wamekiita kipimo cha Asnath. Chuo kikanunua keki. Bwana Majaliwa akaleta uzi wa kioo uliozungushwa kwa sentimita tisa kamili, akaniomba niwaonyeshe wageni ngumi inavyoingia. Nikakunja ngumi, nikaipitisha. Ilicheza humo ndani kama punje kwenye debe. Watu wakacheka, wakadhani nafanya utani, na mimi nikacheka nao. Lakini wewe unaijua mikono yangu, dada. Tangu utotoni ulikuwa unanitania kwamba ni ya kukamatia senene tu.

Hapa ndipo penye kosa langu. Katika makala ile jina lako halimo. Niliandika kwamba kosa lilifanywa na fundi mmoja, na kwamba mwandishi alibuni kipimo baada ya kutafakari. Mwandishi hakutafakari chochote, alikuwa amenuna. Nilijiambia kwamba wewe hujui mambo ya majarida na halitakupunguzia kitu. Nimeiba kwa dada yangu, nikala keki juu yake. Nisamehe.

Nilimweleza Bwana Majaliwa. Hakunigombeza. Alishauri niwaombe wahariri waongeze shukrani mwishoni, kwa msusi mmoja wa Busunzu, yaishe. Lakini shukrani hazihesabiwi, dada. Hakuna mtu duniani anayepata namba kwa kushukuriwa. Nikawaandikia wahariri ukweli wote, wakakubali kusahihisha, mradi mwandishi anayeongezwa aweke saini na aeleze kwa maneno yake alifanya nini. Mahali pa kazi yako nimejaza: msusi wa nyungo, Busunzu, Wilaya ya Kibondo. Pa maelezo nimepaacha wazi. Andika kwa Kiswahili, nitawatafsiria, na sitagusa neno. Saini kwenye alama ya penseli.

Sitakuficha lingine, maana utalisikia kwa watu. Kamati ya kupandisha vyeo inakaa Septemba. Jina la kwanza kwenye makala hupata alama kamili, la pili nusu. Kwa hiyo nusu nitapungukiwa, na nitangoja miaka mitatu kuwa mhadhiri mwandamizi. Usiposaini, makala itabaki yangu peke yangu na cheo nitakipata. Nakujua, Careen. Ulikuwa unaninyofolea nyama kwenye bakuli lako na kusema umeshiba. Safari hii nakuomba usiseme umeshiba. Furaha niliyoanza nayo barua hii si ya cheo, ni ya karatasi hii iliyofika juzi.

Utaona humo kwamba jina lako limetangulia langu. Wahariri waliuliza kama nina hakika. Niliwajibu kwamba kwetu mdogo hanawi kabla ya mkubwa.

Msalimie sana Mama, na kuhusu ingata sasa unaweza kumwambia, acha acheke. Shemeji mwambie maharage aliyotuma yaliiva upesi na tumeyamaliza. Wabusu watoto. Bazilio anarudi Alhamisi, atapita kwako kuchukua bahasha.

Ni mimi mdogo wako, na mwandishi wa pili,

Asnath