Bomba la Kupumulia

Mdogo wangu Rajabu,

Sianzi kwa kukuuliza hali, maana hali yako naijua. Wanaovuka mpaka pale Oraba kurudi nyumbani wananiambia umenenepa, unafunga mabomba ya maji moto kwenye nyumba za wageni huko Juba, na watu wanakuita fundi mkubwa. Mimi nakuandikia kutoka uani kwetu Koboko, nimekaa kando ya tanuru letu la kuchemshia maji. Barua hii siifungi. Kosa langu lilitangazwa mbele ya watu, na lako basi lisomwe mbele ya watu.

Unakumbuka tulivyolijenga? Ulikuwa umerudi kwa mara ya kwanza kutoka ng'ambo, na mfuko wa vyuma begani na maringo yasiyo na mfano. Enzi hizo kila mwanamke wa mtaa wetu akijifungua aliletwa kwangu kukaa arobaini yake. Asubuhi na jioni nilimwogesha kwa maji moto na kumkanda tumbo, na maji yenyewe niliyachemsha kwenye mafiga, macho mekundu kwa moshi. Ulinitazama ukanywa chai yako yote, kisha ukasema, "Dada, hii kazi iko ya punda. Ngoja nikufanyie kitu."

Tukafanya. Mimi nilikanyaga udongo, wewe ukapanga matofali. Ukalilaza pipa la chuma juu ya moto, na tangi dogo ukaliweka juu ya nguzo. Bomba moja lilishusha maji baridi mpaka pipani, jingine likapeleka ya moto bafuni. Kwenye lile la baridi uliweka valvu inayopitisha maji upande mmoja tu, ili ya moto yasirudi kwenye tangi. Halafu ukatoa bomba jembamba mgongoni mwa pipa, ukalipandisha mpaka likapita tangi na paa la jiko, ukalikunja juu kama mpini wa mwavuli, mdomo wazi. Nikakuuliza la nini hilo, mbona halitoi maji.

"Hapo ndio inapumua," ukaniambia. "Mutu akiziba hapo, pipa inakuwa bomu."

Ukanikaririsha maneno hayo kama mtoto wa madrasa, na mimi dada yako niliyekubeba mgongoni nikayarudia. Ukanifundisha na kuwasha: kwanza tangi lijae mpaka lifurike, ndipo moto; kuni ziwe kavu, mkaratusi mbichi usikaribie; majivu yatolewe kila asubuhi, la sivyo moto unakosa hewa. Siku ya kwanza tulimtanguliza Mama. Unamjua Mama, kusifu kwake ni shida. Alikaa bafuni mpaka tukadhani amezimia, kumbe anaomba sabuni nyingine. Alipotoka alisema sasa hata akifa si neno, akaagiza chakula. Tulicheka mimi na wewe mpaka tukashikana mabega. Nakwambia kweli, siku ile nilijiona mtu mwenye ndugu.

Tatizo lilikuwa kiangazi. Moto ukikolea, lile bomba la juu lilitema maji uani, na maji yenyewe unajua tunavyoyapigania pale kisimani, pampu moja na mtaa mzima. Majirani wakipita walitania kwamba tanuru la bibi lina mafua. Nilikuomba mara nyingi uliongeze urefu ili lisiteme. Ukasema utaleta kipande cha bomba.

Ulikuja kwenye akika ya mjukuu wangu. Nyumba ilijaa wageni, jerikeni zimepangwa mpaka mlangoni, na bomba likatema mbele ya watu wote. Mimi nikalalamika, nikasema na fundi yupo hapa anakula pilau. Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ukapanda juu ya paa, ukagonga kidogo, ukashuka unapangusa mikono. "Nimetengeneza, dada. Haitatema tena." Na kweli halikutema. Jioni nzima nilikusifu kwa wageni.

Asubuhi yake niliwasha moto mkubwa, maana waogaji walikuwa wengi. Nilijaza tangi kwanza. Lilifurika likanilowesha leso, nikahama nilipokuwa nimesimama. Mkwe wangu Salama, mke wa mwanangu, ndiye aliyetangulia kuingia bafuni, kwa kuwa ndiye mzazi. Mtoto aliniachia mimi, Alhamdulillahi. Alipoigusa koki tu, ikaruka kutoka ukutani, na mvuke na maji ya pipa zima yakammwagikia mwilini. Mkono, bega, mpaka titi. Ile sauti yake bado naisikia nikiinama kuwasha jiko la chai.

Watu wote walimkimbilia Salama. Wewe hukumkimbilia. Nilikuona kwa macho yangu, Rajabu, ulitazama juu kwanza, kule kwenye mdomo wa bomba. Nikafikiri unamtazama Mungu, na mimi nikatazama. Kisha ukapanda kwenye tangi, ukashuka ukawaambia wanaume kwa sauti ya upole kabisa, "Tangi iko kavu. Dada aliwasha moto bila maji."

Wakapanda na wao wakakuta kavu kweli. Kwani lingekuwaje, na maji yake yote yamefuata koki iliyong'oka? Lakini nani angeniuliza mimi habari ya maji wakati fundi amesema? Nikawaonyesha leso. Wakasema uani pote pamelowa, na nani asiyelowa leo. Mpaka mimi mwenyewe nikaanza kujishuku. Nikawa najiuliza kama nilijaza jana au leo, kama akili imeanza kunitoka. Hilo ulinifanyia wewe, mdogo wangu, ulininyang'anya hata imani ya macho yangu.

Jamaa zake Salama wakaja kutoka Arua. Mkeka ukatandikwa. Mimi, bibi mwenye wajukuu, nikapiga magoti mbele ya mama yake, mwanamke wa rika langu, nikasema nimekosa, nimezeeka, nimesahau maji, naomba radhi. Wewe ulikuwa umekaa nyuma yangu, karibu kiasi cha kunigusa. Mzee wao akasoma dua ya kuondoa kinyongo, na watu wakaitikia. Sauti yako naijua tangu ulipokuwa unalilia uji. Uliitikia amina.

Salama alinisamehe kwa mdomo, ana adabu yule binti. Ila tangu hapo mtoto anaogeshwa kwao. Nikinyoosha mikono nimpokee, naambiwa amelala, na mimi namwona yuko macho ananitazama. Mtaani siletewi mzazi tena. Kina mama niliowaogesha mwili mzima, leo wanawapeleka mabinti zao kwingine, na mimi wananiita yule bibi aliyesahau maji. Sikulaumu mtu. Nilisema ndiyo malipo yangu.

Majuzi nilitaka nguzo ya kuanikia nguo. Nikaona lile bomba la juu limekaa bure, nikaegemeza ngazi, nikalitingisha mpaka likaachia. Nikalilaza chini nilipunguze ule mkunjo. Mdomoni mwake kulikuwa na kizibo cha mti, kimezungushiwa mpira wa baiskeli, ncha ya mpira imepenyezwa chini ya mzunguko wa mwisho na kuvutwa. Baba ndiye aliyekufundisha kufunga hivyo kwenye mipini ya majembe. Mimi nilijaribu nikashindwa, mkawa mnanicheka. Hapa Koboko nzima hakuna mwingine anayefunga vile.

Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilidhani wanasema chawa.

Sikiliza nikwambie. Kizibo ningekusamehe. Wageni walijaa, mimi nilikuchokoza mbele yao, pengine ulipanga kukitoa asubuhi ukapitiwa na usingizi. Binadamu hupitiwa. Na ungesimama palepale uani ukasema ni mimi, ningepiga magoti kukuombea kwa nguvu zaidi kuliko nilivyojiombea. Lakini ulinitazama nikiinama, mgongo wangu mbele yako, ukaitikia amina. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Nilikupigia simu, unajua. Nilikueleza nilichokikuta mdomoni mwa bomba. Ukasema, "Dada, wewe ulishasamehewa. Mimi huku ndio kazi inaanza kunishika. Acha tu hiyo maneno iishe." Ulisema taratibu, kama mtu anayeomba chumvi. Nikakuuliza na hao wanaooga huko unakofunga mabomba, na wao umewatengenezea kama ulivyonitengenezea mimi? Ukakata simu. Nikapiga tena, ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani.

Basi nikakifunga kizibo kwenye leso nikaenda kwa Salama. Nilikiweka mapajani mwake nikamweleza yote tangu paa mpaka simu. Alikigeuza geuza, akauvuta ule mpira kwa kucha. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mjomba alijua?"

Rajabu, tangu utotoni mimi ndiye ninayekujibia. Mbuzi wa watu akipotea, nasema mtoto hakujua. Mtungi ukivunjika, hakujua. Ulipomwacha yule mkeo wa Adumi bila neno, nilikwenda mimi kwa wazazi wake, nikakaa kwenye kiti chao nikasema ni ujana, hajui. Hata pale mbele ya Salama neno lile lilikwisha kufika kwenye ulimi.

Nikasema, "Alijua."

Akavuta leso akafunika kovu la begani. Nilingoja alie, au anifukuze. Akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe mimi sijasamehe mutu bado."

Nimeona neno hilo nikufikishie mwenyewe, lisikufikie kwa madereva. Oraba hapajahama, na njia ya kurudi ni ile ile.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, niliyepiga magoti mahali pako.