Mama, Nimemlisha Somoe Ngano

Mama yangu uliyelala Nambilanje,

Nakuandikia wewe, maana jambo hili nimelifanya mwenyewe.

Unakumbuka Somoe wangu alipotimiza miaka mitatu, tumbo limejaa, miguu vijiti, kuharisha kila siku? Majirani hapa Ruangwa walishasema mengi. Wewe ulikaa naye mwezi mmoja tu, ukamtazama anavyokula, ukasema, "Ngano ndiyo inayomtafuna huyu. Maandazi, chapati, mkate, mwiko!" Nikakucheka. Mama, wewe na miiko yako! Lakini ulimpikia ugali wa muhogo na mlenda, na mtoto akanenepa mbele ya macho yangu. Ulipofariki niliushika mwiko ule vilevile.

Mwaka huu nilimwona bado mdogo kuliko wenzake, nikampeleka Nachingwea. Daktari akahisi ni siliaki, ugonjwa wa mwili kujidhuru kila ukipata ngano. Akamtoa damu ikapimwe Dar. Akaniuliza, "Anakula nini?" Niliona haya kutaja habari za mwiko mbele ya koti jeupe. Nikajibu, "Kila kitu, daktari."

Majibu yakarudi safi. Weee, nilipiga vigelegele palepale! Nikamkaangia maandazi. Siku ya tatu alikuwa anajikunja, anatapika.

Nikarudi, nikakiri. Daktari hakunigombeza. Alisema kipimo kile hutafuta askari wa mwili wanaopigana na ngano. Mtoto asipokula ngano, askari wanalala, damu haisemi kitu. Ili tujue kweli, ale mkate kila siku kwa wiki kadhaa, yeye akimwangalia, ndipo apimwe tena. "Bila hivyo," alisema, "utamlinda kwa kubahatisha maisha yake yote."

Hii ni wiki ya pili, mama. Naogopa majibu yakija mabaya. Yakija safi tena naogopa zaidi, maana hapo sitajua ni nini kinachommaliza mwanangu. Kila asubuhi namega mkate, namlisha kwa mkono wangu huu, halafu nakaa nasikiliza tumbo lake.

Leo aliufumba mdomo. "Bibi alisema nikila nitaumwa. Kwani Bibi alikosea?"

Wewe uliyemwokoa! Nikamwambia, "Ndiyo mwanangu, Bibi alikosea."

Akafungua mdomo, akala wote.

Nisamehe, na umwombee.

Mwanao,
mama Somoe